Vile Nilicheza na Mukwe Wangu Kule Ntoto

Wamama wa likelemba yetu, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu, mumenisumbua sana. Tangu nilirudi, kila wakati majembe inapumuzika munaanza: Mama Feza, ulienda kutafuta nini kule pori? Ni kweli ulicheza michezo na muzungu? Ni kweli ulikaa na mukwe wako mu nyumba moja? Nimechoka kurudilia, na kila mara nikisema, kuko mwenye anaenda kuongeza chumvi yake. Basi nimekaa, nimeandika. Masomo yangu iliishia ku mwaka wa tatu wa primeri. Mwenye ataona makosa ya herufi anyamaze, asome.

Nyabiondo: mashini inafika ku nyumba

Aline munamujua, binti ya kijana wangu wa kwanza, mwenye alisomea Goma na sasa anatafsiria wageni. Alikuja na muzungu mumoja murefu, jina yake Piter. Piter kazi yake ni moja. Anatembeza konsole mu inchi mbalimbali, anaangalia kama watu wanaiweza. Konsole ni ile mashini ya michezo yenye vijana wanafunga ku televizyo, wanacheza mupira na vidole. Piter haiuzi. Hata hafundishi muntu kuicheza. Anakupatia tu, kiisha anakaa kando yako kama paka karibu na shimo ya panya, anangojea fasi yenye utakosea. Ukikosea anafurahi, anaandika. Kwao wanasema kosa si ya mwenye kushika, ni ya mwenye kutengeneza. Ningekuwa na bwana wa namna ile zamani, ningezeeka polepole.

Alikuwa ametoka Uganda, na mbele ya pale Brazil na Inde. Sasa alitaka vijiji, watu wenye hawajagusa konsole hata siku moja, na zaidi wazee. Njo Aline akamuleta kwangu.

Wakafunga televizyo ndogo ku batri, juu ya meza yangu ya kulia. Piter akanipatia manete, ile kitu yenye vibuto ya kufinya, ya kushika na mikono mbili.

"Koko, bibi yangu, sheria ni moja," Aline akaniambia. "Wakati iko unacheza, sema kwa sauti yote yenye unaona na yote yenye unafikiri. Usiangalie Piter. Ongea na ekra."

"Niongee na televizyo?"

"Njo vile."

"Kama mwenda wazimu."

"Kama mwenda wazimu, Koko. Piter anataka kusikia mawazo."

Nikashika manete vile unashika kuku yenye unapeleka ku soko, mabawa chini. Piter akaandika mbio. Nikasema yenye nilikuwa naona: binti mudogo mule mu ekra, amevaa robe ya manjano, amesimama mu njia bure. Nikasema yenye nilikuwa nafikiri: nafikiri huyu binti hana kazi, nafikiri mama yake angemupatia jembe. Aline alitafsiri na machozi ya kucheka. Piter hakucheka, akaandika hata ile.

Kisha kula, Aline akasema kesho wanashuka Kashebere, kutoka pale wanaingia pori mpaka Ntoto. Niliposikia Ntoto, sahani niliiweka chini.

Ninyi wa zamani munajua, lakini kuko wenye waliingia likelemba juzi. Binti yangu Mapendo aliolewa Ntoto, na Ntoto njo alikufa. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, sikufika ku matanga. Habari ililetwa na muchuuzi wa mawese: Mapendo amekufa, tumemuzika. Basi. Kiisha maneno ya watu ikaanza kufika kidogo kidogo. Huyu anasema alifia mu nyumba. Yule anasema alifia mu njia. Mwingine, bila haya, akaniambia hapa ku soko ya Nyabiondo kama bwana yake alimuacha bila dawa. Muntu mumoja tu alikuwa naye mpaka mwisho, ni ule bwana. Na yeye njo muntu mwenye siwezi kuuliza, kwa sababu ni mukwe wangu.

Sisi hatufanyi kama watu wa Goma, wenye wanakaa meza moja na bokilo, wakwe wao, wanachekesheana. Mukwe wangu hanioni uso, na mimi simuoni uso. Hatuli pamoja. Hataji jina langu, sitaji yake, hata hapa sitaiandika. Kuko mbuzi yenye mama-mukwe anachinja siku moja kulegeza ile heshima, lakini yenye nilikuwa nachunga, vita iliikula mbele ya siku kufika.

Kwa hiyo nilikuwa na haja moja tu mu roho: nisikie, ku mudomo ya mwenye alikuwa pale, namna mutoto yangu alikufa.

"Nitaenda na ninyi," nikamuambia Aline.

"Koko, na magoti?"

"Magoti itakuja pia."

Kushuka mpaka Kashebere

Tulienda na pikipiki. Nikisema tulienda na pikipiki musifikirie nilikaa kama madamu. Matope ilikuwa ya kumeza gurudumu. Pikipiki ilinibeba kidogo, mimi niliisukuma mingi. Sanduku ya konsole, Piter hakutaka dereva aifunge nyuma, akasema itapigwa-pigwa. Tukapata kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, akaiweka juu ya mbao yake katikati ya magunia mbili ya maharagwe, akashuka nayo kilima mbio, upepo mu shati, Piter nyuma yake anapiga kelele mu luga yao. Mashini ilifika chini muzima. Piter njo alifika na suruali imepasuka.

Mbele kidogo tukakuta bariere. Kamba ku barabara, na vijana wenye silaha. Mukubwa wao akagonga sanduku na kidole.

"Hii ni ya nini?"

"Ni mashini ya kucheza, chef," Aline akasema.

"Ya kumuchezea nani? Hii ni ya kuita ndege."

"Ni ya kucheza tu, chef. Kama mupira."

"Mupira mu sanduku. Fungua."

Wakafungua chini ya shiti yao ya mvua, wakafunga waya ku batri. Ule mukubwa akaweka bunduki katikati ya magoti, akashika manete. Piter alikuwa mweupe kama muhogo yenye imemenywa, lakini alipoona vile vidole inatafuta vibuto, akatoa kalamu.

"Anaandika nini?"

"Anaandika vile unashika, chef."

"Nashika mubaya?"

"Hakuna kushika mubaya, chef. Anasema kama ni ngumu, ni wao walitengeneza mubaya."

Kijana akamuangalia Piter wakati murefu, kama muntu mwenye amesikia neno ambalo hajaambiwa tangu azaliwe. Akacheza. Muntu wake wa mu ekra akateleza ku daraja, akaanguka mu maji. Akarudilia, akaanguka. "Daraja hii ni ya uongo!" akalia, na wenzake wakaanza kumuvuta mukono, kila mumoja anataka kuonyesha vile yeye angepita. Jua ilikuwa inaenda. Nikasimama.

"Mutoto yangu," nikamuambia, "fungua kamba. Usiku itatukuta mu njia."

Akainua macho. "Na wewe, mama, unaenda wapi na mambo hii ya batoto?"

"Naenda kumulilia binti yangu. Alikufa Ntoto, sikufika."

Akamurudishia Piter manete na mikono mbili, akaenda yeye mwenyewe kushusha kamba. Hakuomba kitu. Nasema hii kwa sababu munapenda kuniuliza kama walitunyanganya. Hawakutunyanganya.

Kashebere: mvua, na munganga wa mikono

Kashebere mvua ilitufunga. Mutoni ulijaa, watu wa kupita wakasimama pande mbili wanaangaliana: huku magunia ya maharagwe na viazi, kule bidoni ya mawese. Tulilala ku mama mumoja mwenye anapikia wasafiri. Alitupatia sombe, yale majani ya muhogo, ya mawese, na bugali ya muhogo. Piter alikula na mikono vizuri, lakini pilipili ilimukamata, akalia machozi mbele ya watu. Yule mama akasema: "Muache alie, pengine iko na yake yenye inamuuma." Mpaka leo sijui kama alitania.

Kwa kungojea, Piter akafungua konsole nyuma ya nyumba, wachuuzi wakaja kujaribu. Na munajua kazi yake: haangalii uso ya muntu, anaangalia mikono. Anainama, anaangalia vidole, anaandika, haongei. Siku ya pili kukawa mustari ku mulango. Mama mwenye vidole yake imevimba. Muzee mwenye kidole imepinda tangu panga ilimukata. Musichana mwenye upele. Maneno ilikuwa imetembea soko yote: kuko munganga wa mikono, unashika tu ile kitu yake, anaona ugonjwa.

Aline alitaka kuwafukuza kwa haya. Piter alipoelewa, akakaa chini kabisa, mikono ku kichwa. Kiisha akasimama, akasema waingie wote. Aliwapatia manete mumoja kwa mumoja. Ule mama wa vidole ya kuvimba, kibuto ilimushinda kabisa. Piter akamuuliza inamuuma wapi, akaandika ukurasa muzima. Akaniambia kupitia Aline kama inchi zote yenye alipita, hakuna siku alipata mikono yenye imechoka namna ile, watu wanamuletea tu mikono ya vijana. Dawa hakuwa nayo, na aliwaambia wazi. Ule mama akasema si kitu, angalau ameangaliwa.

Mimi sikukaa sana na wao. Nilikaa ku baraza. Kashebere ukiangalia nyuma unaona milima ya kwetu inaishia, ukiangalia mbele unaona pori inaanza. Mapendo alipita pale siku ya kuolewa, na viatu mu mukono kwa sababu ya matope. Nilimuambia ku nyumba asilie mu njia, watu watasema hatukumulea. Wenye walimusindikiza waliniambia hakulia. Nilipokuwa pale ku baraza na ile mvua, nilitamani wangekuwa wameniambia alilia kidogo.

Mu pori

Maji iliposhuka tulivuka. Kutoka pale pikipiki zilikuwa zinafika fasi fulani tu, kiisha ni miguu. Sanduku ya konsole ilibebwa na muwindaji mumoja wa kule, mu kitunga yenye mushipi wake unapita ku paji ya uso. Alitembea mbele yetu kama hajabeba kitu. Pori ya Walikale haina mbele wala nyuma. Sisi wa kilima tumezoea kuona fasi yenye tunaenda. Kule unaona tu mugongo ya mwenye anakutangulia.

Tulilala mu kijiji kidogo, wakatupikia lituma, ndizi ya kupondwa, na funza za pori. Aline alikataa funza, akasema ameshiba. Piter alikula, akaomba zingine. Watu wakamupenda kuanzia pale, na Aline wakaanza kumuita muzungu.

Muwindaji aliniuliza naenda ku nani. Nikamuambia ni mama ya Mapendo. Akasimama mu njia na muzigo yake yote ku kichwa.

"Mapendo mwenye alikuwa anauza mandazi kando ya kanisa?"

"Sijui kama alikuwa anauza mandazi."

"Alikuwa anauza. Alikuwa anatukaripia kama tunagusa bila kunawa."

Nikasema: "Basi ni yeye." Tukaendelea kutembea. Njia yote nilikuwa nafikiri ile mandazi. Kwangu hakupikaka mandazi hata siku moja. Alijifunzia wapi?

Ntoto: kitenge ku kamba

Tulipokelewa na Mama Zawadi, dada mukubwa wa mukwe wangu. Alinishika, tukalia kwa sauti vile inafaa. Kiisha akanipeleka ku kaburi, nyuma ya nyumba, karibu na ndizi. Msalaba wa mbao. Udongo ulikuwa umefagiliwa, hata jani moja hakuna.

"Nani anafagia?"

"Yeye mwenyewe. Kila asubui."

Mukwe wangu aliposikia nimefika alikuwa amehamia ku jirani, vile inafaa. Nikamuambia Zawadi: "Nenda umuulize. Mutoto yangu alikufa namna gani?" Akaenda. Akarudi mbio.

"Anasema: mwambie mama nilifanya yenye niliweza. Kiisha anafunga mudomo. Hata mimi ananijibu vile, mama. Mimi nilikuwa Walikale siku zile. Na wanaume wenye walisaidia kumubeba, vita iliwatawanya."

Nilikuwa nimekula matope ya pori yote kwa maneno yenye inaenea mu kiganja. Nililala.

Kesho yake Piter akafungua mashini mu kanisa, nyumba ya mbao yenye milango mbili. Mara hii alitaka watu wawili wawili wenye wanajuana, wacheze pamoja. Katika ule muchezo, wawili wanabeba muti murefu ku mabega, mumoja mbele, mumoja nyuma, wanavuka madaraja. Mumoja akikimbia, muti unaanguka. Aline alikomalia Goma, hakufikiri desturi yetu. Alitafuta watu wa jamaa moja, akaandika majina mu mashini. Mimi nilikuwa nje na wamama, tunamenya muhogo, bado sijaitwa. Nikasikia kupitia mbao sauti ya mwanaume, na ingawa ilikuwa miaka, nikaijua.

"Naona njia," alikuwa anasema, vile Aline alimufundisha. "Naona daraja. Naona watu wawili, wanabeba muti. Wa mbele iko na kofia nyekundu, na juu yake wameandika jina langu. Wa nyuma iko na robe ya manjano, na juu yake wameandika..."

Kimya.

"Endelea, Papa," Aline akasema.

Piter akasema kitu. Aline akauliza: "Herufi ni ndogo, Papa?"

Tukasikia benchi inaanguka. Akatokea ku mulango wa nyuma, kofia imeshushwa mpaka ku pua, akapita mu ndizi mbio. Mimi niligeuzia uso ku ukuta. Zawadi akaingia mu kanisa na kisu ya muhogo mu mukono.

"Munamupatia mwanaume jina ya mama-mukwe wake asome mbele ya batu! Ninyi munatoka wapi?"

Aline akajishika kichwa. Piter alikuwa anaandika ati herufi haionekane muzuri. Alipoelezwa, akakata yenye aliandika, akaomba musamaha, akafuta majina yote mu mashini, ikabaki kofia na robe tu. Akasema ataita watu wengine.

Mimi nilikuwa bado na uso ku ukuta, na pale ku ukuta njo wazo ilinipata. Sheria ya Piter ni muntu aongee na ekra. Yenye unaambia ekra, hujaambia muntu.

"Usiite wengine," nikasema ku mulango. "Nitacheza mimi na yeye."

"Mama Feza!" wamama wakalia.

"Sitamuona, hataniona. Zawadi, leta kitenge."

Zawadi aliniangalia, kiisha akaelewa wa kwanza. Akaenda kutoa kitenge yake ya sikukuu, akaifunga ku kamba kutoka ukuta mpaka karibu ya televizyo, ikakata benchi vipande mbili. Mwenye kukaa huku anaona ekra, mwenye kukaa kule anaona ekra, hawaonani. Yenye alienda kumuambia ndugu yake mu ndizi, hakuniambia. Lakini nikasikia mulango wa nyuma, na benchi ikalia kwa uzito.

Tukaanza. Muti ulianguka. Tukarudilia, ukaanguka. Nyuma ya kitenge nikasikia:

"Naona robe ya manjano inakimbia. Nafikiri kama ingeenda polepole, kofia ingeenda nayo."

Nikajibu ekra: "Naona kofia nyekundu inalala mu njia. Nafikiri haikukula asubui."

Wamama ku madirisha walicheka mpaka mumoja akakaa chini. Hata nyuma ya kitenge pumzi ya kucheka ilitoka. Tukaendelea. Nilijifunza kumungojea, na yeye akajifunza kuharakisha. Muti ukatulia ku mabega. Tukaingia ku daraja refu, mvua ikaanza kunyesha mule mu ekra.

Akasema, sauti ya chini: "Hivi njo tulimubeba."

Aline hakutafsiri. Piter akamuangalia, Aline akatikisa kichwa. Piter akaweka kalamu chini, akazima kamera yake ndogo yenye ilikuwa inashika picha na sauti yetu. Ile sitasahau.

Nikasema: "Naona kofia nyekundu. Nafikiri iko inajua kitu. Nafikiri inaweza kusema, hapa hakuna muntu."

Vile vitu vidogo vyetu mu ekra vilikuwa vimesimama katikati ya daraja, muti ku mabega.

"Naona kipoyi," akasema. "Miti mbili na blanketi. Mimba ilikuwa imetoka, damu ikakataa kusimama. Naona dispanseri ya hapa, iko wazi, hakuna muntu, wote walikimbia risasi. Tukasema tupande naye mpaka ku hopitali ya juu. Naona mvua. Naona tunateleza. Lakini hatukumuangusha. Hata mara moja hatukumuangusha."

"Naona hamukumuangusha," nikasema.

"Alikuwa anauliza tuko wapi. Ilikuwa pori, pori tu. Akauliza: tumefika Nyabiondo? Nikasema tumefika. Akauliza: mama iko wapi? Nikasema iko ku mulango, anatuangalia. Akasema: basi munishushe, nitatembea mwenyewe, mama asinione nabebwa. Nikamuambia ngojea kidogo." Akavuta pumzi. "Hakungojea."

Sikuona ekra vizuri, lakini mikono yangu haikuacha manete.

"Nafikiri nilimudanganya muntu mwenye alikuwa anakufa," akasema. "Nafikiri ile njo inafunga mudomo yangu."

Kama siku ile nilikuwa ku mulango, mimi sijui. Hakuna mwenye aliniambia siku gani. Lakini mama mwenye mutoto yake iko mbali, na barabara imefungwa, anakaa wapi?

"Naona kofia nyekundu," nikasema. "Nafikiri haikudanganya. Mama alikuwa ku mulango."

Nyuma ya kitenge alilia, vile mwanaume analia, kama kukohoa. Tulimuacha. Kiisha akasema:

"Naona daraja ingine mbele."

"Twende," nikasema.

Tukavuka ile, na ingine, na ingine, mpaka batri ikaisha.

Kupanda

Piter na Aline waliendelea na njia yao upande wa Walikale. Baada ya pale, Piter alikuwa na inchi ingine ya kuenda. Mbele ya kuachana aliniuliza kupitia Aline, wageuze nini mu mashini yao. Nikasema daraja ni nzuri, wasiiguse. Lakini majina, waulize kwanza kama muntu anataka iandikwe. Akaandika.

Mukwe wangu hakuja kuniaga, na ingekuwa mubaya angekuja. Zawadi alinipatia mandazi mu jani ya ndizi, akasema Mapendo njo alimufundisha. Nilikula mu pori, peke yangu, nyuma ya muwindaji. Ilikuwa tamu. Sikubakisha kitu kwa kuwaletea, musiniulize.

Chini ya kilima chetu nikamuambia dereva anishushe.

"Mama, bado mbali, na iko matope."

"Nishushe. Nitafika na miguu yangu."

Akanishusha, akaenda anatikisa kichwa. Nilipanda polepole, sikushika fimbo, sikuita muntu. Jua ilikuwa bado iko. Nilifika, mulango ilikuwa imefungwa vile niliiacha, na hakuna mwenye alikuwa amesimama pale. Nikaifungua. Kiisha nikageuka, nikasimama mule katikati ya miimo, nikaangalia njia yenye nilitoka nayo, mpaka ikawa haionekane tena.